Mbeta za Julai

Uwemba, saa kumi na mbili na robo.
Kengele ya misheni imelia, ikanyamaza upesi,
kana kwamba nayo imerudisha mikono mfukoni.
Majani ya viazi yameungua kwa sakitu,
meusi, kama karatasi iliyopitiwa na moto,
na maji ya ndoo yamevaa kioo.

Navaa koti la Otmari juu ya koti langu.
Nachukua kopo la ulezi.

Alikuwa mgema.
Masika yote alikuwa kwenye mianzi
kabla jogoo hajajua zamu yake,
akichanja vichipukizi, akifunga mbeta,
akirudi na povu kwenye masharubu.
Mgema akisifiwa, husemwa, tembo hulitia maji.
Mimi sikumsifu hata siku moja,
na ulanzi wake haukuonja maji.
Leo natamani ningeuharibu, walau mara moja.

Mbeta zake zilibaki darini, kumi na moja,
zimeiva kwa moshi.
Mama Nyagawa alitaka kuzinunua. Nikasema nitafikiri.
Kisha Julai ikaja na meno yake,
nikamwona pugi kwenye kamba ya nguo,
amejivimbisha manyoya, mviringo,
kama kifungo cha mwisho kwenye koti bovu.
Nikazitoboa mbeta ubavuni. Nikazitundika.

Sasa wanakuja.
Chiriku kwanza, kwa fujo,
watoto wa chekechea kwenye foleni ya uji.
Kisha shore, kishungi kimelala upande,
yeye na parachichi lililolainika,
lile alilolikataa mnunuzi kwa doa moja.
Kurumbiza hashuki mpaka wenzake waondoke:
husimama juu ya ufito wa ua,
nyusi nyeupe, jicho moja kwangu,
kama mkaguzi aliyetumwa kutafuta kosa.
Yuko na mwingine, mdogo, kidevu cha njano.
Jina lake alilijua Otmari.

Gaudensia anacheka mlangoni, blanketi kichwani:
“Bibi, si Mei ulinipa debe na fimbo?”
Kweli. Mei nilimwamsha gizani akaamie,
na mimi mwenyewe nikasimama na kombeo
nikiwatupia hawa hawa mawe
na matusi ya Kibena ambayo padri hajawahi kuungamiwa.
Shamba ni shamba, namwambia.
“Na hapa?”
Hapa ninakwangua ukoko chunguni.
Ulezi umebaki debe moja na nusu,
na nusu hiyo ni mbegu. Nimeihesabu usiku,
nimeihesabu tena asubuhi, haikuongezeka.

Lakini chozi ndiye anayenitesa.
Huja peke yake, kijani kinachowaka,
hutumbukiza mdomo ndani ya mbeta
hadi kwenye paji la uso,
anakuta ulezi mkavu.
Haamini.
Februari alikunywa hapa, kwenye mbeta hii hii,
Otmari akimwachia, akisema na huyu ni mteja,
tena halewi akapigana.
Hutumbukiza tena. Huondoka.
Ningeweza kumweleza, kwa lugha gani?
Mimi pia bado naweka vikombe viwili.

Jana nikakoroga sukari, vijiko viwili,
kwenye maji ya vuguvugu.
Nikajaza mbeta ya kumi na moja,
ile yenye alama ya kisu chake kwenye ukingo.
Nikaketi jikoni, mlango nusu.

Saa nne jua likapasua ukungu juu ya mianzi.
Akaja.
Akatumbukiza mdomo, akatulia.
Moyo wangu nao ukashika kamba.

Nimetia maji, Otmari.
Nimetia maji, na hakuna aliyelalamika.
Amekunywa, akapangusa mdomo kwenye kamba ya nguo,
upande huu, upande ule,
akitazama huku na huko
kama mtu anayetafuta pa kulipia.